Muuguzi akikosea ashitakiwe, asihamishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe dukuduku ambalo limenikaa kifuani tangu masika ya mwaka juzi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Si mwanasheria wala si mganga. Nilisomea ualimu chuoni miaka miwili, na sheria ninayoitaja humu niliitafuta na kuisoma mwenyewe baada ya mambo nitakayoyaeleza. Wenye ujuzi wakiona nimeteleza wanisahihishe.

Katika kijiji chetu muuguzi akilalamikiwa, kwa haki au kwa uongo, dawa yake ni moja tu: ahamishwe. Akimtukana mama mjamzito, ahamishwe. Dawa zikipungua kabatini, ahamishwe. Mtoto akifa, ahamishwe kesho asubuhi. Hatujiulizi huko anakohamishiwa kuna nani. Kama kweli ana kosa, basi tumelifunga kosa lile pamoja na godoro na sufuria zake tukalipandisha kwenye gari kwenda kwa wenzetu wa kijiji kingine. Kama hana kosa, tumemwadhibu mtumishi wa umma bila kumsikiliza. Hapo sioni haki ya mgonjwa wala ya muuguzi.

Masika hayo mtoto mmoja wa darasa letu la awali, mwenye miaka 5, aliugua. Jioni mama yake alimnunulia dawa ya kushusha homa dukani. Usiku degedege likamshika, wakambeba kumpeleka zahanati. Tabibu hakuwapo, alikuwa ameitwa wilayani kwenye semina. Alikuwapo muuguzi peke yake, binti ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja kazini. Alimpima mtoto, akakuta malaria kali, akamchoma sindano ya kwanza ya atesuneti, akamwandikia rufaa na kupiga simu kuomba gari la wagonjwa. Gari lilichelewa kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Lilifika karibu na alfajiri, na mtoto akafia njiani.

Wasomaji wanaoishi vijijini wanajua kilichofuata. Kwetu wapo wazee wengi wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Kabla ya matanga kwisha habari ilikuwa imekwisha enea kwamba nesi amemuua mtoto kwa sindano. Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Mtendaji aliniomba nimsaidie kuandika muhtasari, kwa hiyo niliyasikia yote na kuyaandika.

Mzee mmoja alisimama akasema, "Binti, sisi hatuna ugomvi na wewe. Tuletee hilo daftari lako ulisome hapa, kila mtu asikie ulimchoma nini."

Binti yule akajibu, "Shikamooni wazee wangu. Daftari ninalo, lakini habari za mgonjwa siruhusiwi kuzisoma mbele ya mkutano. Baba wa mtoto akitaka nitamsomea yeye, na yeyote atakayemchagua akae naye."

Mkutano ulilipuka. Watu walisema anaficha, na mimi mwenyewe, naungama, nilidhani anaficha. Sikujua wakati ule kwamba kutunza siri ya mgonjwa ni wajibu wa kazi yake, na kwamba angelisoma lile daftari hadharani ili kujiokoa, hapo ndipo angekuwa amekosa. Kitu tulichokiona kuwa ushahidi wa hatia ndicho kilichoonyesha kwamba anaijua kazi yake.

Baba wa marehemu ni mtu mpole. Alikubali, akamchagua mwenyekiti na mimi. Tukaingia katika chumba cha zahanati tukasomewa. Daftari lilionyesha saa ambayo mtoto alipokelewa, joto la mwili, uzito, majibu ya kipimo, jina la dawa, kiasi chake na saa ya kuchoma. Lilionyesha simu ya kwanza ilipigwa saa 3.05 usiku na nani alipokea, ya pili saa 5.20, na ya tatu saa 8 kasoro. Chini yake ipo sahihi. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama mtoto angeletwa mchana ingekuwaje. Binti akasema nafasi yake ingekuwa kubwa zaidi.

Sasa ndugu Mhariri, hapa ndipo palipo na dukuduku lenyewe. Mtoto yule siku ile asubuhi alikuwa darasani kwangu. Saa 4 nilimwona amejikunyata, nikamgusa paji la uso, nikaona lina moto. Nikamwita dada yake wa darasa la tano nikamwambia ampeleke nyumbani. Sikuandika barua kwa mzazi. Sikusema apelekwe zahanati. Katika daftari langu la mahudhurio nilikuwa nimekwisha mwandikia kwamba yupo, na hivyo ndivyo linavyosomeka mpaka leo. Katika mkutano mzima hakuna aliyemwuliza mwalimu neno. Nilikaa pale na kalamu mkononi nikiandika maswali ambayo watu walikuwa wakimwuliza mwenzangu.

Tangu siku ile nimejitahidi kujua sheria inasemaje. Nchini kwetu kazi hii inasimamiwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Mtu haruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi mpaka awe amesajiliwa na kupewa leseni, na lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga lenye mamlaka ya kupokea malalamiko, kumsikiliza anayelalamikiwa, na akionekana amekosa kumpa adhabu hata kumfuta katika rejista. Mwananchi wa kawaida anaweza kupeleka malalamiko huko. Nimewauliza watu wengi kijijini na hata walimu wenzangu, na sikumpata aliyewahi kusikia habari za Baraza hili. Sisi tunajua mwenyekiti wa kijiji, diwani, na mkuu wa wilaya akipita.

Mbali ya Baraza ipo mahakama. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabia kosa la jinai mtu anayetoa matibabu au dawa kwa uzembe wa kuhatarisha maisha, na uzembe mkubwa ukileta kifo unaweza kufikia kosa la kuua bila kukusudia. Yapo pia madai ya fidia. Huko mwajiri hujibu pamoja na mtumishi wake kwa kosa alilotenda akiwa kazini, na mwajiri wa zahanati ya umma anajulikana. Anayetaka kuishitaki Serikali hutakiwa kutoa notisi ya siku 90 kwanza, na madai ya uzembe wa namna hii yana muda wa miaka 3. Nayaandika haya kwa sababu nimeona watu wakikaa na uchungu miaka kumi, halafu wanauliza waanzie wapi.

Jambo jingine ambalo wengi hatulijui ni kwamba muuguzi hawezi kujificha nyuma ya amri ya daktari. Tabibu akimwambia kwa simu atoe dawa kiasi fulani, naye akaona wazi kwamba kiasi kile si cha mtoto, anapaswa kuuliza kabla ya kutoa. Akitoa huku anajua, mkono uliotoa utajibu pamoja na mdomo ulioamuru. Mzigo huo si mdogo kwa mtu aliye peke yake saa 8 za usiku.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba wauguzi ni malaika. Wapo wenye lugha chafu, wapo wanaomwacha mama akilia peke yake huku wao wakichezea simu. Wenzetu wa Kenya wametuonyesha kwamba mambo hayo yanaweza kufikishwa mbele ya sheria. Mwezi Agosti 2013 mama mmoja alikwenda kujifungua katika hospitali ya Bungoma, magharibi ya nchi hiyo. Vitanda havikutosha, akajifungulia sakafuni, na wauguzi badala ya kumsaidia wakampiga makofi na kumtukana. Hakuomba wahamishwe. Alikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Machi 2018 mahakama ikaamua kwamba utu wake ulivunjwa, alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya na aombwe radhi rasmi. Uzuri wa hukumu ile ni kwamba haikuishia kwa wauguzi. Ilizigusa pia serikali ya kaunti na serikali kuu kwa kushindwa kutenga fedha za kutosha na kusimamia huduma ya uzazi. Kofi lilijibiwa, na kukosa kuweka vitanda nako kukajibiwa.

Hata hivyo sheria ikishikwa vibaya inaweza kuumiza. Mwezi Desemba 2017 huko Nashville, Marekani, muuguzi RaDonda Vaught alitakiwa kumpa mgonjwa dawa ya kumtuliza, akachukua kabatini dawa nyingine inayolegeza misuli hata pumzi ikakatika. Mgonjwa alikufa. Muuguzi hakuficha, alikiri kosa lake tangu mwanzo. Alinyang'anywa leseni, na mwezi Machi 2022 mahakama ikamtia hatiani kwa jinai, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3. Hospitali yenyewe haikushitakiwa kwa jinai. Wauguzi wengi wa huko walilalamika kwamba sasa mtu akikosea atanyamaza. Mimi naona ilikuwa sawa muuguzi yule ajibu, maana alizipita ishara nyingi za onyo na mtu amekufa. Lakini hoja ya wenzake nayo ina uzito, maana kosa likifichwa, mgonjwa wa kitanda cha pili hatajua kinachomjia. Aliyekiri mwenyewe apate nafuu kuliko aliyechana ukurasa wa daftari, na hili Baraza letu lilitamke waziwazi ili wauguzi walioko vijijini walisikie.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo yafikiriwe. Kila zahanati ibandike ukutani, kwa Kiswahili, jina la muuguzi mwenye leseni aliyepo zamu na mahali pa kupeleka malalamiko. Kijijini kwetu kila aliyevaa nguo nyeupe anaitwa daktari, hata anayefagia, na watu hawawezi kudai wajibu kwa mtu wasiyemjua cheo chake. Pili, ndugu wa mgonjwa akipewa rufaa apewe na nakala ya kubaki nayo. Tatu, Halmashauri ikipokea malalamiko ya kijiji dhidi ya muuguzi isikimbilie kuandika barua ya uhamisho. Iandike barua ya uchunguzi, na majibu yasomewe mlalamikaji. Kama simu ya saa 3.05 usiku ilipokelewa na gari halikutoka mpaka alfajiri, basi aliyeipokea naye aitwe aeleze. Katika mkutano wetu mto ulilaumiwa, na huyo mpokeaji hata jina lake halikutajwa, ingawa limo daftarini.

Kwa upande wa shule, mimi nimeanzisha daftari dogo. Mtoto akiugua darasani naandika saa, nilichoona, na nimemkabidhi nani, na mzazi anatia sahihi au dole gumba. Mwalimu Mkuu amelikubali. Baadhi ya wenzangu wananicheka kwamba nimekuwa nesi.

Ama muuguzi yule, baba wa marehemu alisimama mkutanoni akasema hana madai naye. Watu walitawanyika wakinung'unika. Miezi michache baadaye aliomba uhamisho mwenyewe, kwa sababu kina mama walikuwa wakipita mlangoni kwake kwenda zahanati ya kijiji cha jirani, mwendo wa saa 2 kwa miguu. Mwezi Januari akaondoka. Mpaka ninapoandika barua hii hatujaletewa mwingine. Tabibu anapokuwa safarini, sindano zinachomwa na mhudumu ambaye hakusomea uuguzi wala hana leseni. Ni mama mwema na mkono wake ni mwepesi, kijiji kinamsifu. Je, akikosea usiku mmoja, nani atajibu? Ni yeye, ni tabibu aliyemwachia ufunguo, au ni waliomwacha pale wakijua? Naomba wahusika watujibu kupitia gazeti hili hili.

Mwalimu wa Kijijini,
Mkoa wa Dodoma.