Fedha za kuondoa kifaa cha mionzi zilipwe mapema

Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, waokota vyuma chakavu wawili waliingia katika jengo la kliniki ya tiba ya mionzi iliyokuwa imehama, wakang'oa kichwa cha mashine na kukiuza. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137 usiofika gramu 100. Gizani uling'aa buluu, na mwenye ghala la vyuma akawagawia ndugu na majirani. Mtoto wa miaka sita alikula chakula akiwa na unga huo mikononi. Alikufa, na wengine watatu wakafa.

Nyumba zilibomolewa. Udongo, kifusi, nguo, hata vyombo vya ndani vikageuka taka za mionzi, takriban mita za ujazo 3,500. Sheria ya Brazil kuhusu maghala ya taka hizo ilipitishwa 2001, miaka 14 baadaye.

Kliniki ile ilikuwa na leseni. Ilihama tu bila kutoa taarifa, na hapo ndipo penye hofu yetu. Tanzania tunayo Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya 2003, tunayo Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC) inayotoa leseni na kukagua, na ghala la mabaki ya mionzi lipo Arusha. Lakini vyanzo vya mionzi vimetapakaa hospitalini, viwandani, migodini, hata kwenye vipimo vya kushindilia barabara. Sesiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 30. Ni wakandarasi wangapi hudumu miaka hiyo?

Ndiyo maana tunataka gharama za kukiondoa kifaa zilipwe kinapoingia nchini, si mwenyewe akishafilisika. Na viwanda vya kuyeyusha chuma vilazimishwe kuwa na vipima mionzi langoni. Mwaka 1984 huko Meksiko iligundulika kuwa kobalti ya mashine ya hospitali imeyeyushwa na kuwa nondo, na nyumba zilizojengwa kwa nondo hizo zikavunjwa.

Kwa wanunuzi wa vyuma chakavu: mkiletewa kasha zito lenye alama kama pangaboi, mapanga matatu meusi juu ya rangi ya njano, msilinunue wala msilipasue. Kaeni mbali nalo, toeni taarifa polisi au TAEC siku hiyo hiyo.