Maji ya udhu na ya kufulia yasiishie uchochoroni

MAJI yaliyokwisha kutumika nyumbani huonekana na wengi wetu kuwa ni kitu kilichomaliza kazi yake. Dumu la lita 20 hununuliwa kwa fedha, huletwa kwa mkokoteni au kichwani, mama hufulia, watoto huogea, baba hutawadhia, kisha beseni hubebwa hadi mlangoni na maji yote yakamwagwa uchochoroni. Jioni ile ile fedha nyingine hutolewa ili mpapai unyweshewe na choo kipate kumwagiwa. Oktoba 2022, pale mto Ruvu ulipopungua na wakazi wa Dar es Salaam wakaanza kupata maji kwa mgao, nyumba nyingi ziliuonja uchungu wa jambo hili. Mvua ziliporudi, mazoea nayo yakarudi.

Zipo sababu nyingi za kumwaga, na uvivu ni mojawapo. Iliyo yetu kuizungumza katika ukurasa huu ni hofu ya najisi. Wapo Waislamu wema wanaoamini kuwa maji yakishapita mwilini au nguoni yameharibika kisheria, na kwamba mwenye kuyaweka ndani ya ua wake anajitia mashakani katika swala. Hofu hii ina asili njema, kwani twahara ni sharti la swala. Lakini imechanganya mambo ambayo wanavyuoni wetu waliyatenganisha karne nyingi zilizopita.

Katika madhehebu ya Imam Shafi (r.a.), yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, maji machache yaliyotumika katika udhu wa faradhi au josho la janaba huitwa maji mustaamal. Hukumu yake ni kuwa yenyewe ni twahara, ila hayatwaharishi. Maana yake, yakikurukia kanzu huna haja ya kuiosha, lakini huwezi kuyatawadhia tena. Maji yaliyobadilika kwa sabuni, au kwa wanga wa mchele uliooshwa, nayo ni twahara yasiyotwaharisha. Yanayobaki ni yale yaliyoingiwa na najisi: maji ya nepi za mtoto, ya nguo yenye damu, ya kuoshea kuku aliyechinjwa. Haya yakiwa chini ya qullatayn, kiasi ambacho wanavyuoni wa zama zetu wamekikadiria kuwa lita 200 na ushei, hunajisika kwa kuguswa tu na najisi, hata kama rangi, ladha na harufu hazikubadilika.

Basi kwa sehemu kubwa, maji tunayoyamwaga kwa hofu ni twahara. Imam Nawawi katika Minhaj amekwenda mbali zaidi, akaeleza kuwa maji mustaamal yakikusanywa hadi yakafikia qullatayn hurudia kuwa yenye kutwaharisha, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Hatulitaji hili ili mtu akatawadhe kwa maji ya pipa la uani, kwani afya nayo ni amana. Tunalitaja ili ijulikane kuwa wakubwa wetu hawakuyaona maji ya udhu kuwa ni uchafu wa kukimbiwa.

Tena tukumbuke kipimo. Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, na akioga kwa saa moja hadi mudd tano. Mudd ni kibaba na saa ni pishi, vipimo tunavyovikumbuka kila mwaka katika fitri, na kibaba hicho hakifiki lita moja ya maji. Leo mtu hufungua bomba, akaanza kukunja mikono ya kanzu huku maji yanakwenda. Ipo pia hadithi mashuhuri inayokataza israfu hata kwa mwenye kutawadha katika mto unaotiririka. Wataalamu wa hadithi wamezungumzia udhaifu wa isnadi yake, lakini makatazo ya israfu yamethibiti katika Qur'ani yenyewe, Suratul Aaraf aya ya 31.

Tunawaomba wasomaji wajaribu jambo moja. Weka beseni chini ya bomba, tawadha kama ulivyozoea, kisha pima. Tuseme umepata lita 4. Nyumba ya watu 6, kila mmoja akitawadha kwa swala tano, itakusanya lita 120 kwa siku, nayo ni madumu 6. Hapo hatujagusa maji ya kuogea wala ya kufulia.

Kazi ya kwanza ya maji hayo ni chooni. Choo cha kumwagia kwa ndoo huhitaji lita 2 au 3 tu, na hakijali kama maji yana povu. Kazi ya pili ni miti. Migomba na mipapai hufurahia maji ya kuogea, mradi yamwagwe chini kwenye udongo, wala yasirushwe juu ya majani na matunda. Mboga zinazoliwa mbichi zisinyweshewe kabisa maji hayo. Wanavyuoni wa Kishafi wamesema kuwa mmea uliopandwa penye najisi haugeuki kuwa najisi kwa dhati yake, bali kilichoguswa kwa nje huoshwa. Hata hivyo tumbo la mtoto halingojei fat'wa. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo huunguza mimea, na chumvi za sabuni zikizidi huufisha udongo, hivyo badilisha mahali, na mvua ikinyesha ipe ardhi nafasi ya kujiosha. Maji ya jikoni yenye mafuta yapitishwe kwanza katika ndoo yenye kokoto na mchanga. Ya nepi na ya nguo za mgonjwa wa kuhara yaende chooni moja kwa moja.

Wala usiyaweke hadi kesho kutwa. Maji yaliyotumika yakipita siku moja huanza kunuka, na pipa lisilofunikwa ni nyumba ya mbu. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu waenezao dengi huzaliana katika vyombo vya maji majumbani. Wa matende hupendelea maji machafu yaliyotuama, kama yale ya uchochoroni.

Hapo ndipo inapoingia haki ya jirani. Maji tunayoyamwaga hupita mbele ya mlango wa mwingine, na mwenye kwenda kuswali Alfajiri huinua kanzu yake gizani asijue amekanyaga ya udhu au ya nepi. Yakielekezwa yote shimoni, shimo hujaa mapema, na masika yakifika wapo wanaotapisha vyoo. Hatudhani kwamba mwenye kufanya hivyo ana la kujibu mbele ya jirani yake.

Misikiti yetu ingeweza kutangulia, kwa kuwa hakuna nyumba inayotoa maji ya udhu kama msikiti siku ya Ijumaa. Nchini Oman, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walijenga katika miaka ya 2000 mtambo mdogo wa kuyasafisha maji ya udhu katika msikiti mmoja mjini Muscat, ili yanyweshee mimea. Nalo Baraza la Wanavyuoni Wakuu la Saudi Arabia lilikwisha kutamka mwaka 1978 kwamba hata maji taka, yakisafishwa hadi athari ya najisi ikaondoka katika rangi, ladha na harufu, hurudi kuwa twahara. Sisi hatuhitaji mtambo wa namna hiyo. Mfereji mmoja kutoka mahali pa udhu hadi kwenye minazi ya uwanjani unatosha.

Kikwazo kikubwa tunachokiona ni fundi. Katika nyumba na misikiti mingi bomba la udhu, la bafu na la choo huunganishwa pamoja hadi karo moja, na maji yaliyokuwa twahara yakanajisika njiani. Kamati za misikiti na wenye kujenga sasa wamwambie fundi atenganishe kabla ya zege kumwagwa. Kwa wakati huo gharama yake ni mabomba machache na kona mbili tatu. Sakafu ikishakauka, ni kuvunja.