Usugu wa dawa: Kibofu cha mbwa ni suala la kaya nzima

Mbwa wa ulinzi anayechuchumaa kila mara na kutoa matone machache ya mkojo, pengine yenye damu, huenda ana maambukizi ya kibofu. Katika Old Town, eneo kongwe la biashara mjini Lilongwe, au katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa, mwenye mbwa huyo ana njia mbili: kumtafuta daktari wa mifugo, au kununua vidonge vichache vya antibayotiki na kubahatisha. Njia ya pili ni nafuu leo, lakini gharama yake inaweza kumwangukia mwanadamu.

Bakteria aina ya E. coli, ambao huishi katika utumbo wa watu na wa wanyama, ndio chanzo kikuu cha maambukizi ya mkojo kwa mbwa na vilevile kwa wanawake. Dawa nazo ni zilezile: amoksilini na kotrimoksazoli, kwa mfano, hutumika kwa pande zote mbili. Bakteria waliozoea dawa ndani ya mnyama wanaweza kumfikia binadamu kupitia kinyesi, mikono, maji au chakula, na safari hiyo huenda pia kinyume, kutoka kwa mtu hadi kwa mbwa.

Ushahidi kutoka Malawi

Mwaka 2023, watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kaya 300 kusini mwa Malawi. Watu wa kaya ambamo wanyama walikaa ndani ya nyumba au walikifikia chakula walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba E. coli sugu. Utafiti huo haukusema kwamba mnyama ndiye mkosaji. Ulionyesha kwamba bakteria hao huzunguka nyumba nzima.

Hospitalini hali ni nzito zaidi. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, E. coli waliopatikana katika damu ya wagonjwa na kuishinda seftriaksoni, sindano inayotegemewa sana, waliongezeka kutoka asilimia 0.7 mwaka 2003 hadi asilimia 30.3 mwaka 2016.

Kwa wakazi wa Dzaleka, takwimu hizo zina uzito wa pekee. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wasiozidi 12,000, na sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Burundi. Kidonge cha bei nafuu kikishindwa kumtibu mama mjamzito, hatua inayofuata ni rufaa ya hospitali nje ya kambi, nayo Malawi humtaka mkimbizi awe na kibali ili atoke. Mei 2023 serikali ilianza kutekeleza kwa nguvu amri ya kuwarejesha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini.

Kinachoweza kufanyika

Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa mifugo wa mwaka 2019 unashauri mkojo uoteshwe maabara inapowezekana, maambukizi ya kawaida yatibiwe kwa siku tatu hadi tano tu, na mbwa mwenye bakteria katika mkojo lakini asiye na dalili asipewe antibayotiki kabisa. Gharama ya kipimo ni kikwazo cha kweli kwa familia nyingi. Hata hivyo, kutotumia dawa iliyobaki ya mtoto kumtibu mbwa, kunawa mikono baada ya kumhudumia na kumweka mbali na vyombo vya chakula hakuhitaji fedha nyingi.

Malawi yenyewe ina funzo. Mwaka 1993 iliacha klorokwini kama tiba kuu ya malaria, baada ya vimelea kuishinda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa dawa hiyo ilikuwa imerudi kuwatibu karibu watoto wote waliopewa Blantyre. Bakteria si vimelea vya malaria, na usugu wao hauondoki kwa wepesi huo. Lakini dawa iliyopumzishwa iliwahi kurejesha nguvu zake katika nchi hiyohiyo, na ilikuwa hivyo kwa sababu taifa zima, si hospitali peke yake, liliacha kuitumia.