Cheti cha Samaki ni Ahadi ya Serikali

Kila biashara ya samaki wa Ziwa Victoria inapotajwa, wakuu serikalini hukimbilia kuzungumzia masoko: wanunuzi wapya Ulaya, Uchina na Ghuba, na misafara ya maafisa kwenda kwenye maonyesho ng'ambo. Hatupingi wanunuzi kutafutwa. Mvuvi wa ufuo wa Dunga anawahitaji, mwenye kiwanda cha minofu Kisumu anawahitaji, na nchi inahitaji fedha za kigeni. Lakini mbuta wa ziwa hili alipofungiwa mlango wa Ulaya, hakufungiwa kwa kukosa wanunuzi. Alifungiwa kwa sababu sahihi ya aliyepaswa kumthibitisha kuwa salama haikuaminika.

Mwishoni mwa 1997, kipindupindu kilipoenea, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Kwa haki, uamuzi ule ulipita kiasi, na Shirika la Afya Duniani halikuona sababu ya kitaalamu ya kuzuia chakula kwa njia hiyo. Mwaka wa 1999, habari za wavuvi kutumia dawa za kuua wadudu kuvulia samaki zilipofika Ulaya, mlango ulifungwa tena, na safari hii utetezi ulikuwa mgumu, kwani hakukuwa na mpango wa kupima mabaki ya sumu ambao mnunuzi angeuamini. Tanzania na Uganda zilijipanga upesi zikafunguliwa kwanza. Kenya ilisubiri hadi mwishoni mwa 2000. Idara ya Uvuvi na Wizara ya Afya zilikuwa zimegawana ukaguzi, na kazi ya wawili ikakosa mwenyewe. Waliolipia uzembe huo ni wavuvi na wafanyakazi wa viwandani, wala si waliokalia viti vya ofisini.

Leo kisingizio hicho cha ukaguzi kukosa mwenyewe hakipo. Sheria ya Uvuvi ya 2016 iliunda Shirika la Huduma za Uvuvi na ikaweka bayana wajibu wake. Mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutekelezwa Julai 1, 2024, unawahakikishia samaki wa Kenya soko lisilo na ushuru. Hata hivyo, kuondolewa kwa ushuru hakumwondolei mtu masharti ya usafi. Ufuo usio na barafu, maji safi wala choo hauwezi kutoa samaki wa kuuzwa ng'ambo, na lori linalopita Awasi likielekea Nairobi, hata liwe na mitambo bora ya baridi, halirudishi ubora uliopotea juani asubuhi.

Kuna pia suala la samaki wachanga. Kanuni za ziwa zinataka mbuta anayefikishwa kiwandani awe na urefu usiopungua sentimita 50, ili wadogo wakue na kuzaliana. Tunaelewa mvuvi anayevua samaki mdogo kwa kuwa ana deni la nyavu na watoto wanangoja ada. Kumkamata yeye peke yake ni kuonea mnyonge. Kiwanda kinachomnunua samaki huyo hakina njaa ya kusingizia. Leseni ya kiwanda cha namna hiyo ifutwe, na wenye nayo washtakiwe. Kenya ina takriban asilimia sita tu ya ziwa hili, hivyo haiwezi kulilinda peke yake. Mkataba wa kuanzisha shirika la pamoja la uvuvi wa Ziwa Victoria ulitiwa sahihi papa hapa Kisumu, Juni 30, 1994. Ni aibu mwenyeji wa hafla ile akiwa mzembe kuutekeleza.

Jambo moja halisemwi na wapenda mauzo ya nje. Minofu inasafiri, nyumbani unabaki mgongo wazi, yaani mifupa iliyotolewa minofu, unaokaangwa mtaani Obunga, Kisumu, na kuuzwa kwa wasiomudu nyama ya samaki yenyewe. Pengine biashara haikwepi hali hiyo. Lakini hakuna mkaguzi wa Ulaya anayedai cheti cha samaki anayeuzwa katika soko la Kibuye, na kwa hiyo wa Kibuye hakaguliwi kama wa Brussels. Serikali inayolinda tumbo la mgeni na kulisahau la raia wake imekosea mpangilio wa wajibu.

Kwa hiyo, kabla ya msafara mwingine kwenda ng'ambo, Shirika la Huduma za Uvuvi lichapishe matokeo ya ukaguzi wa kila ufuo wa kupokelea samaki Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia, nazo serikali za kaunti zionyeshe katika bajeti zao fedha za barafu na maji safi. Bunge lisiidhinishe hata shilingi moja ya safari za kutafuta masoko hadi hayo yatimizwe.