Haikufa Santuri, Umekatika Waya



Nimechoka kulisikia katika nyumba zetu, kuanzia Muscat hadi London, neno lile lile: "Santuri za bibi zimekufa, zitupeni, nyimbo zote zimo katika intaneti." Ami yangu aliliamini. Spika moja ya kinanda chake cha santuri ilikuwa kimya, na ya pili ikivuma kama mzinga wa nyuki. Akazitupa sahani kumi na moja ambazo marehemu mama yake alihama nazo kutoka Unguja baada ya 1964, na kinanda akakiweka rafuni kiwe pambo. Mwezi uliopita nilikifungua. Kilichokatika ni waya mmoja, pale unapoingia kwenye plagi.

Nasema wazi: haukuwa uzee wa santuri, ulikuwa uvivu wetu. Sahani za zama zile zilirekodiwa kwa mkondo mmoja wa sauti, na spika zote mbili hutoa sauti ile ile. Lau sahani ingekuwa imechakaa, ingekwaruza pande zote. Upande mmoja ukinyamaza, ushukiwe waya kwanza, isihukumiwe sahani.

Wala uchunguzi wake si kazi ya mhandisi. Nyuma ya amplifaya, badilisheni plagi ya kushoto na ya kulia. Kimya kikihamia spika ya pili, kosa liko kwenye kinanda: ama waya, ama kichwa cha sindano. Kisipohama, kosa ni la amplifaya au la spika. Mvumo nao aghalabu hutokana na ule waya mwembamba wa ardhi uliolegea kwenye skrubu yake. Kichwa cha sindano hutoa milivolti chache tu, kwa hiyo hata kutu kidogo kwenye plagi yatosha kuiharibu sauti. Chomoeni kinanda kwenye umeme, kateni waya kupita pale ulipoharibika, kisha lehemuni plagi mpya: waya wa kati kwenye pini, nyuzi za nje kwenye ganda. Kazi ya nusu saa.

Mtasema intaneti yatosha. Ni kweli, humo zimo baadhi ya nyimbo za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Lakini wale waimbaji wasio na jina kubwa, ambao sahani zao zimo makabatini mwetu, nani amewanakili? Tukizitupa sisi, hakuna wa kuziokota.

Basi kabla hamjatupa hata sahani moja, kagueni waya. Kinanda cha ami nilikijaribu kwa sahani yangu mwenyewe, kikaimba pande zote mbili. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama ninaweza kumwachia ile sahani, kwani yeye hana tena ya kuweka.