Rangi ya Uso Isiachiwe Mashine

Mpigapicha aliyenunua kifaa cha kupimia rangi na kuipima skrini yake kila mwezi amefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine iko maabara, na huko ndiko wengi wetu tunakonyamaza. Tunapeleka faili, tunalipa, tunarudi kuchukua picha za harusi: bibi harusi wa maji ya kunde katoka mwekundu kama tofali, na suti nyeusi ya bwana imegeuka kijivu. Tunailaumu skrini, tunaipima tena.

Msimamo wa toleo hili ni kwamba rangi ni makubaliano ya watu wawili, mpigapicha na msafishaji picha, na makubaliano hayo lazima yatamkwe.

Tatizo la kwanza, kwa kweli, ni mwangaza. Skrini nyingi hutoka kiwandani ziking'aa kandela 250 au zaidi kwa mita ya mraba, ilhali kwa picha za karatasi 80 hadi 120 zinatosha. Anayehariri kwenye skrini kali huitia picha giza bila kujua, na karatasi, isiyo na taa ndani yake, humrudishia giza hilohilo.

Kisha kuna profaili, faili dogo linaloeleza mashine fulani na karatasi fulani hutoa rangi vipi. Maabara makini hukupa ukiomba. Ukiipakia kwenye programu ya kuhariri, unaona mapema jinsi bluu kali ya kitenge itakavyopoa kwenye karatasi. Usipoambiwa vinginevyo, peleka faili la sRGB. La Adobe RGB, likipita kwenye mashine isiyosoma profaili, hutoka limepauka.

Lakini linalotukera zaidi ni marekebisho ya mashine yenyewe. Mashine hupima picha na kuivuta kuelekea wastani, hivyo uso mweusi mbele ya pazia jeusi hung'arishwa, na uso uleule kando ya shela nyeupe huzamishwa. Wastani huo una historia. Kwa miongo kadhaa Kodak ilizipelekea maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Sisi tunaopiga picha za nyuso nyeusi kila siku hatuna sababu ya kuiachia mashine uamuzi huu.

Wenye maabara, tunaomba fomu zenu za oda ziwe na nafasi ya kuandika "bila marekebisho", na fundi aiheshimu. Nawe mpigapicha, kabla ya kulipia albamu nzima, safisha picha moja ya majaribio yenye nyuso za rangi tofauti na kitambaa cheupe. Itazame karibu na dirisha mchana, si chini ya tyubu ya kaunta. Ikiwa na giza kuliko skrini, punguza mwangaza wa skrini kwanza. Faili usiliguse bado.