MSITU WA UMMA, MPANGO WA WACHACHE

Wananchi wenzetu wa Myanga,

Twaambiwa kwamba msitu wa Mlima Elgon hautuhusu sisi tuishio mbali chini yake. Maji ya Malakisi na Kuywa hutoka wapi basi?

Mwaka 1932 mkoloni aliutangaza kuwa msitu wa serikali pasipo kuwauliza waliokuwamo. Bendera ikabadilika, desturi ikabaki. Mwaka 2000 ardhi ya Waogiek wa Chepkitale iligeuzwa hifadhi ya wanyama; wakangoja hadi Septemba 2022 ndipo mahakama mjini Bungoma ikawapa haki yao. Mwaka 2001 serikali ya KANU ilitangaza nia ya kumega hekta zipatazo 67,000 za misitu ya nchi hii.

Leo sheria ipo. Ibara ya 69 ya Katiba ya 2010 yaiamuru serikali kuhimiza umma ushiriki katika kusimamia mazingira. Sheria ya Misitu ya 2016 yataka misitu ya umma iwe na mipango ya usimamizi, na yavitambua vyama vya misitu vya jamii. Lakini kushiriki si kuandika jina katika orodha ya posho, kunywa soda, na kusomewa kwa Kiingereza mpango uliokwisha kukatwa shauri.

Watasema mwananchi akipewa sauti ataumaliza msitu. Twauliza: je, ni mama mwenye mzigo wa kuni kichwani aliyegawa viwanja vya Karura miaka ya 1990? Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 kwa kuutetea msitu huo, si kwa kuukata. Hatujidai malaika, wachoma makaa wamo miongoni mwetu. Ila mtu hulinda alichoshiriki kukipanga, na huiba alichonyimwa.

Kwa hiyo twadai:

Rasimu ya mpango isomwe barazani kwa Kiswahili, Kibukusu na Kisabaot kabla ya kupitishwa, si baada.

Miti itakayokatwa, mnunuzi na bei yake vitangazwe hadharani.

Maoni yanayokataliwa yajibiwe kwa maandishi.

Nasi tunywao maji ya mlima tuitwe pamoja na wakaao mlimani.

Wananchi, mkutano ukiitishwa tusikae nyumbani tukalaumu. Twende, tuulize, na tusitie sahihi karatasi tusiyoisoma. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mto ukikauka, hakuna fundi wa kuujenga.